Klachi ya Vidole Viwili

Baba alirudi nyumbani saa nne asubuhi, saa ambayo siku za kazi huwa hajafika hata nusu ya maduka anayoyapelekea mikate. Alikuwa anasukuma pikipiki. Nyuma, kwenye kreti, kulikuwa na mikate tisa iliyopondeka na kuingia mchanga. Msimamizi wa kiwanda cha mikate alikuwa amemwambia aende nayo tu, watoto watakula. Nyumba ile haikuwa na watoto. Mtoto wake wa pekee, binti, alikuwa na miaka ishirini na saba, fundi wa pikipiki, na siku hiyo ya mapumziko alikuwa amekaa kizingitini anajitoa grisi kwenye kucha kwa kijiti.

Mama alikuwa anaanua nguo. Kwa kawaida huwa anaziwahi kabla moshi haujafika, maana pikipiki ile ya kizamani inakunywa petroli na oili kwa pamoja, ikitoa wingu la buluu ambalo majirani wamelisema mpaka wamechoka. Leo moshi haukuwepo. Ndiyo maana hakuna aliyejua kwamba baba anakuja mpaka alipokuwa ameshafika.

"Imezima tena langoni kwa kiwanda, mikate ikamwagika," baba alisema. "Mara ya pili wiki hii. Klachi imekuwa nzito, haivutiki kabisa."

Mama alifungua mdomo, kisha akaingia ndani na kikapu cha nguo.

"Msimamizi anasemaje?" binti aliuliza.

"Anasema Jumamosi ya wiki ijayo nikafanyiwe majaribio. Nipande ule mwinuko wa langoni na mzigo, nisimame katikati, niondoke tena bila kuzima. Nikishindwa, maduka yangu anapewa kijana mwenye pikipiki ya magurudumu matatu." Alicheka kidogo, bila furaha. "Miaka thelathini na moja napeleka mikate, leo nafanyiwa mtihani wa kuondoka. Nikikosa yale maduka nitafanya nini? Nikae hapa nimhesabie mama yako sufuria?"

Binti aliinuka, akaushika mkono wa klachi, akauvuta. Ulikuwa mzito kweli. Ilibidi akaze vidole vyote vinne, na hata hivyo ulirudi kwa kishindo. Moyo wake ukatulia. Yeye alikuwa mtu wa aina hiyo: akishaona kitu kibovu anachoweza kukifungua, hofu yote inamtoka.

"Hii hata mimi ingenishinda," alisema. "Niachie. Jumamosi utaivuta kwa vidole viwili."

"Sikia fundi huyo," baba alisema, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile uso wake ulikunjuka.

Ile mikate tisa waliifuta mchanga wakaila siku tatu. Hakuna aliyeitaja.

Gereji alikofanyia kazi ilikuwa ya mjomba wake, kaka wa mama, mtu mnene mwenye maneno mengi na subira ndogo. Alipoona pikipiki inaingizwa alivua kofia, akaiweka kifuani.

"Hii ingekuwa mtu ingeshastaafu ikapata vitukuu," alisema. "Safari hii inaumwa nini?"

"Klachi, mjomba."

Binti alimwaga oili ya gia, akatoa kava ya ubavuni, ikabaki klachi yenyewe: bakuli la chuma lenye sahani zilizopangwa ndani yake, sahani moja ya kusugua, moja ya chuma, moja ya kusugua, na springi zinazozibana zote pamoja. Bakuli lile lilikuwa linazunguka likikataa kushikika, kwa hiyo alichomelea sahani chakavu kwenye kipande cha nondo, akalizuia nacho, nati iliyolishikilia ikalegea. Alipotoa springi aliona jambo lililomfanya acheke peke yake. Chini ya kila springi palikuwa na washa mbili, vile vibati vya mviringo vyenye tundu. Baba yake, kila klachi ilipoanza kuteleza kwa uchovu wa sahani, alikuwa ameongeza washa ili springi zibane zaidi. Klachi ikaacha kuteleza, mkono ukawa mzito.

"Alikuwa anaitibu kwa washa," mjomba alisema, akichungulia. "Mzee anajua mikate, lakini hapa alijitafutia kifungo."

"Ndiyo hapa tatizo lilipo," binti alisema. Alisema kwa furaha kabisa.

Mpango wake ulikuwa mzuri, na mimi sitamnyima sifa yake. Klachi ya zamani ilikuwa na sahani tatu nene za kusugua. Toleo la baadaye la injini ileile lilikuwa na nne, nyembamba zaidi, za kitu kinachong'ata vizuri kuliko kile cha zamani. Sahani zikiwa nyingi, kila moja inabeba kidogo, na springi haihitaji kubana kwa hasira. Springi laini, mkono laini. Tatizo ni kwamba meno ya sahani za baadaye yalikuwa mapana kidogo kuliko nafasi za bakuli la zamani, na bakuli lenyewe lilikuwa limeliwa kingo mpaka likawa na vijishimo ambavyo sahani zilinasa ndani yake. Hayo hayakutaka ufundi mkubwa. Yalitaka tupa, na mtu wa kukaa nayo.

Alikaa nayo siku mbili. Alisawazisha kingo za bakuli moja baada ya nyingine, akapunguza meno ya kila sahani, akajaribu, akatoa, akapunguza tena. Jioni aliziloweka sahani kwenye oili. Alirudi nyumbani vidole vimevimba, akala, akalala akiwaza unene wa sahani. Asubuhi moja alimkuta mama yake barazani anamfunga baba vifungo vya shati, kimoja baada ya kingine, naye baba ameangalia pembeni.

"Haya mapenzi ya uzeeni," aliwatania. "Mnatuonesha sisi ambao hatujaoa wala kuolewa."

Baba alicheka. Mama hakucheka. Aliinamia kifungo cha mwisho, akakifunga, akaenda zake jikoni.

Jumatano jioni binti aliileta pikipiki nyumbani kwa majaribio. Baba alikaa juu yake, akaweka mkono wa kushoto kwenye klachi, akavuta. Alivuta na bega. Mwili mzima ulilalia upande ule kama mtu anayesukuma mlango uliovimba kwa mvua, na mkono wa klachi ukaja nusu ya njia, ukarudi.

"Bado," alisema. "Imepungua, lakini bado."

Binti aliuvuta yeye. Ulikuwa mwepesi, nusu ya uzito wa mwanzo, pengine chini ya nusu. Akauvuta tena kuhakikisha.

"Baba, hii bado?"

"Bado kidogo."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha kufutia vyombo mkononi. "Labda siyo klachi," alisema.

"Sasa ni nini?" baba aliuliza bila kugeuka. Alikuwa amemtolea sauti ambayo haitumiki mara nyingi ndani ya nyumba ile.

"Nasema labda tu."

Binti alikuwa amechoka, na maneno yale yalimgusa pabaya. Siku mbili za tupa, vidole vimevimba, halafu mtu ambaye hajui kava inafunguliwa upande gani anakuja kumwambia labda siyo klachi. "Mama," alisema, "wewe unajua nini kuhusu klachi? Tuachie. Kaa na jiko lako."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama anavyosemwa mtoto anayetaka kushika spana. Mama alikunja kile kitambaa mara mbili, akakikunja tena, akaingia ndani. Baba alibaki anaangalia mita ya mwendo, ambayo sindano yake iliacha kufanya kazi miaka kumi iliyopita. Angeweza kusema kitu pale. Alijua alichokijua. Lakini alikuwa anaogopa, na hofu ya mtu mzima ina namna ya kujifanya kiburi.

"Ongeza ufundi kidogo tu, mwanangu," alisema.

Aliongeza. Alhamisi alibadilisha waya wa klachi, akaweka wenye ngozi laini ndani isiyokwaruza. Ule mkono mfupi wa pale kwenye injini, unaovutwa na waya, aliukata akauunga kipande cha upana wa kidole ili uwe na nguvu zaidi. Alitafuta springi laini kuliko zile alizokwisha kuweka. Mjomba alizishika kiganjani, akatikisa kichwa.

"Hizi ni za kalamu ya kubonyeza. Klachi itateleza."

"Haitateleza. Nina sahani nne."

Haikuteleza. Ijumaa mchana alifunga magunia mawili ya mchanga nyuma, akaupanda mlima wa nyuma ya gereji kwa gia ya pili. Pikipiki ilipanda ikilia kwa sauti yake nyembamba, moshi wa buluu nyuma, na haikuteleza hata kidogo. Alisimama katikati, akaondoka. Akasimama tena, akaondoka tena. Alishuka akiwa anacheka peke yake. Miaka sita ya kazi, na kamwe hakuwahi kutengeneza kitu kizuri kama kile.

Mjomba aliuvuta mkono wa klachi kwa kidole kidogo cha mwisho. Akavuta tena, akamwangalia mpwa wake.

"Baba yako ana mikono au ana nyuzi?" aliuliza.

"Kwa nini?"

"Nauliza tu. Hii hata mtoto mchanga angeivuta."

Binti alicheka. Alidhani ni sifa.

Jioni ile baba hakutaka kuijaribu. Alisema amechoka, alisema anamwamini fundi wake, alisema kesho itajulikana. Jumamosi asubuhi binti alipomwambia, "Leo nikubebe mimi, uhifadhi nguvu zako," alikubali haraka mno. Mtu ambaye katika miaka thelathini na moja hakuwahi kukaa nyuma ya pikipiki yake mwenyewe alipanda nyuma, akamshika binti yake kiunoni kwa mkono mmoja.

Langoni kwa kiwanda waendeshaji wengine walikuwa wamekaa juu ya kreti tupu wakisubiri. Wengi wao baba ndiye aliyewaonesha njia walipoanza. Walimsalimia vizuri, kila mmoja na shikamoo yake, kisha wakakaa namna ya watu wanaosubiri kuona. Msimamizi alitoka na daftari. Alikuwa kijana mpole, na upole wake ulikuwa wa kuumiza, maana usingeweza hata kumchukia.

"Mzee wangu, hatuna haraka," alisema. "Chukua muda wako."

Walipakia kreti sita. Baba alipanda, akapiga kiki kwa mguu wa kulia, injini ikaitika mara ya kwanza. Aliweka mkono wa kushoto kwenye klachi. Mguu ukakanyaga gia. Pikipiki iliruka mbele, ikazima, kreti ya juu ikateleza na kugonga taa ya nyuma.

"Taratibu, mzee," mtu mmoja aliyekaa kwenye kreti alisema, na mwingine akakohoa kicheko.

Alipiga kiki tena. Ikaruka tena, ikazima. Mara ya tatu karibu imwangushe, na waendeshaji wawili waliinuka kumshika. Aliwasukuma kwa kiwiko. Jasho lilikuwa linamshuka shingoni, na asubuhi ilikuwa bado ya baridi.

"Hii klachi," alisema. "Huyu binti amejitahidi, lakini hii klachi bado nzito."

Binti alihisi uso unamwaka. Mbele ya watu wote wale. Msimamizi alisogea, akaegemeza daftari kwenye tangi, akaushika mkono wa klachi kwa vidole viwili. Ukaja wote bila ubishi. Akauachia, akauvuta tena, kwa kidole kimoja safari hii.

"Umeitengeneza wewe?" alimuuliza binti.

"Mimi."

"Umeitengeneza vizuri sana. Sijawahi kuona ya zamani laini namna hii." Kisha akamgeukia baba, na upole wake ukapata kitu kingine ndani yake. "Mzee, hebu vuta nione."

Baba alivuta. Yaani, bega lilisogea, kiwiko kikasogea. Vidole vinne vilikuwa vimelala juu ya ule mkono wa chuma, vimelala tu. Havikukunjika. Binti alivitazama, na kwa mara ya kwanza katika siku zile zote hakuangalia waya, wala springi, wala bakuli. Aliangalia mkono wa baba yake.

"Baba, nipe mkono."

"Wa nini?"

"Nipe tu."

Binti aliutoa kwenye usukani, akauweka ndani ya kiganja chake. Ulikuwa na joto, mzito, wenye zile ngozi ngumu alizozijua tangu akiwa mdogo.

"Nibane vidole," alisema.

Baba alimwangalia. "Nimebana."

Binti alisubiri. Hakuna kilichotokea ndani ya kiganja chake. "Bana kwa nguvu, baba."

"Nimebana, mwanangu," baba alisema taratibu. "Nikizidisha nitakuumiza."

Msimamizi alifunga daftari bila kuandika chochote, akawaambia waendeshaji washushe kreti.

Daktari waliyemwendea siku ileile alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini. Alimpima baba, akampiga magoti kwa kinyundo, akamwambia afumbe macho na kunyoosha mikono yote miwili. Wa kulia ulibaki hewani. Wa kushoto ulishuka polepole mpaka gotini, na baba, macho yamefumbwa, hakujua kwamba umeshuka.

"Hali hii imeanza lini?" daktari aliuliza.

"Wiki iliyopita," binti alisema.

"Mwezi na siku kumi," mama alisema. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti na mkoba mapajani. "Alianguka bafuni, kopo likamtoka mkononi. Mdomo ulienda upande, kama robo saa hivi, ukarudi. Tangu siku hiyo namfunga vifungo. Alinikataza kusema. Alisema huyu binti yake akisikia atamnyang'anya funguo za pikipiki."

Baba alikuwa anaangalia dirishani.

"Ule ulikuwa mshtuko mdogo wa kwanza wa kiharusi," daktari alisema. "Ndani ya kichwa. Mtu akija siku ileile, au hata wiki ile, tunampa dawa za kuzuia mkubwa. Sasa tutampa, lakini nitawaambia ukweli, tumechelewa. Jumatatu asubuhi mumlete tumpime vizuri."

Binti alikuwa anahesabu. Hakutaka kuhesabu, lakini kichwa cha fundi hakikubali kuacha. Siku mbili za tupa. Usiku wa sahani kwenye oili. Siku ya waya, siku ya springi, siku ya magunia ya mchanga na kicheko chake peke yake mlimani. Kila siku mkono ule ulikuwa unamwambia, naye kila siku alikuwa anaufanyia klachi nyingine. Alimkumbuka mama yake mlangoni na kile kitambaa. Alitaka kumwomba msamaha, akamshikia tu mkoba ambao haukuhitaji kushikwa.

Ule mshtuko mkubwa ulikuja Jumapili mezani, chai ikiwa bado ya moto.

Baada ya wiki tatu hospitalini walimrudisha nyumbani. Ulimi ulikuwa salama, na ubishi wake pia. Lakini upande wa kushoto ulikuwa umeondoka kwake, na si mkono na mguu peke yake. Daktari alikuwa amewaeleza, nao hawakuelewa mpaka walipoona. Baba alikula nusu ya sahani, ile ya kulia, kisha akalalamika kwamba siku hizi anapunjwa. Mama aliizungusha sahani, nusu ya kushoto ikaja kulia, baba akashukuru kwa kuongezewa. Mtu akisimama kushoto kwake, kwake hayupo. Kuhusu mkono, alisema uko sawa, umechoka tu.

Pikipiki mjomba aliirudisha kutoka kiwandani, ikakaa uani chini ya mabati. Baba aliidai kila siku. Alitaka kupanda, basi, apande tu, asikie iko vipi. Jumamosi moja asubuhi walishindwa kumkatalia. Binti aliisimamisha kwa stendi ya katikati, akamshika baba kwa upande wa kulia, mama akamshika kwa kushoto, wakampandisha. Mama ndiye aliyeuinua ule mkono wa kushoto na kuuweka kwenye usukani. Baba hakuangalia huko. Aliangalia mbele, mabati ya jirani, na mkono wa kulia ukazungusha mshikio wa petroli wa injini iliyokuwa imezimwa.

"Haya," alisema. "Tuone kazi ya fundi wetu. Navuta klachi."

Binti alifumba macho. Alipoyafumbua aliona kiganja cha mama kimefunika vidole vya baba, na vidole vyake vyembamba vya jikoni vimevibana, na mkono wa klachi umekuja wote mpaka mwisho, mwepesi kama alivyoutengeneza. Baba hakuhisi chochote. Alisikia tu sauti ya waya ukiteleza ndani ya ngozi yake laini, na ule mlio mdogo wa sahani zinazoachana ndani ya injini. Sauti hiyo aliijua miaka thelathini na moja.

"Umesikia?" alisema, na uso wake ulikunjuka kama asubuhi ile. "Niliwaambia. Tatizo lilikuwa klachi."

Mama alimtazama binti yake juu ya mgongo wa mumewe. Hakukuwa na lawama kwenye macho yale, na hilo ndilo lililouma.

"Ndiyo, baba," fundi alisema. "Ilikuwa klachi."

"Basi Jumatatu mniamshe mapema."

Akaanza kuyataja maduka yake kwa mpangilio, kuanzia langoni kwa kiwanda: duka la kiziwi, duka la mama mapacha, la mwenye mizani ya wizi, la kona. Yote aliyoyataja yalikuwa ya upande wa kulia wa barabara. Mama hakuuachia mkono wa klachi mpaka baba alipofika duka la mwisho.